Amina ya Breki Mbovu

Wimbo umeisha, lakini kanisa zima bado tumesimama mbele ya jeneza.

Tatizo ni marehemu mwenyewe. Breki Mbovu, rafiki wa baba tangu chuoni, kila wimbo alikuwa anamaliza wa mwisho, peke yake, kwa "aaaamina" ya kutikisa vioo. Hatujawahi kukaa kabla yake.

"Ketini basi," mchungaji akabembeleza. Wapi!

Baba ndiye alikuwa akimfinya kila Jumapili: "Wewe, unaniaibisha!" Tangu msiba hajatoa neno, yaani hata salamu anajibu kwa kichwa.

Mama akamnong'oneza, "Baba watoto, watu miguu inawauma."

Baba akashika ukingo wa jeneza, akafumba macho, akavuta pumzi.

Vioo vikatikisika. Tukakaa.