Vigingi vya Kiden

Mpima ardhi alikuwa ameshang'oa vigingi vya majirani wote alipovuka na kuingia kiwanja cha Kiden. Vigingi hivyo vilionyesha kuta za nyumba ambazo serikali ilipitisha zijengwe hapo Koboko mwaka sabini na mbili. Sasa ni sabini na sita, na hata tofali moja halijaletwa.

"Mama, nyumba hakuna tena," alisema akiinama kushika kigingi. "Hizi kigingi zote inarudi ofisi ya Arua."

Kiden, aliyekuwa akizungukazunguka hapo tangu asubuhi, alikuja akasimama mbele yake.

"Yangu usitoe."

"Sababu gani?"

"Mama mkwe yangu iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya nyumba. Alikufa mwaka jana. Kwetu mutu mukubwa hawezi zikwa kwa nyumba ya kupanga. Anazikwa kwake."

Mpima ardhi akatazama alipokanyaga. Udongo ulikuwa umeinuka kidogo, umefagiliwa, na mawe madogo yamepangwa pembeni.

Akakiachia kigingi taratibu. Hakurudi alikoingilia, pale ambapo ungekuwa ukuta. Alizunguka mpaka kwenye vigingi viwili vilivyoonyesha mlango, akatokea hapo.