Masharubu ya Mjerumani

Mambo yaliharibika Jumanne, siku ya tatu ya Idi, vita vikiwa vichanga.

Wakubwa wa serikali walituweka, mimi na Muhdhar, ufukoni Ras Kitau tumkamate Mjerumani yeyote atakayeshuka. "Mtamjua," walisema. "Masharubu yake yamesimama kama pembe, na ni mkali. Mwingereza ni mpole."

Akashuka Mzungu, masharubu juu, akitutukana. Tukamfunga kamba.

"Kaza, Muhdhar! Asije akawa Mwingereza?"

"Mwingereza gani, bwana! Kaniuma kidole!"

Mara askari wakaja mbio. "Mwamfunga bwana mkubwa mpya, katoka Uingereza!" Wakampigia saluti vivyo hivyo, kafungwa.

Marehemu mke wangu angalicheka mpaka akae chini. Mimi nilitazama yale masharubu yakitetemeka kwa hasira.

Sasa nani atamsogelea amfungue?