Mteja wa Kwanza wa Mama Mapazia

Swali la mwisho kwenye fomu liliuliza: "Ukirudi nyumbani umechoka, ungependa kumkuta nani mlangoni?"

Fundi wa tovuti alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma upya. Lilikuwa lile lile.

"Mama," alisema kwa adabu yote aliyobakiwa nayo, "watu wanataka kupambiwa sebule tu. Tuwaulize jina, simu na chumba gani, basi."

"Siwezi kumpambia nyumba mtu nisiyemjua," alijibu Mama Mapazia bila kuinua macho kutoka kwenye vitambaa alivyokuwa akivipanga. "Andika."

Akaandika. Angefanyaje? Mama Mapazia, mpambaji wa nyumba aliyepewa jina hilo tangu siku alipoyashusha mapazia ya ukumbi katikati ya harusi ya watu kwa sababu rangi ilimkera, hakuwa mteja wa kawaida. Alikuwa na binti, na kwa binti huyo fundi alikuwa hasikii wala haoni. Mjomba wake alipokwenda kumposea, mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu. Kazi ya kubofyabofya yeye haielewi. Basi kijana amtengenezee tovuti. Ikimletea mteja kabla ya mwezi kwisha, posa itazungumzwa. Isipoleta, kila mtu ashike njia yake. Na asilete ujanja, maana mtu akimdanganya mara moja tu, hamjui tena.

Tovuti ikapatikana, na ilikuwa tovuti kweli. Picha zilifunguka upesi, sebule moja nzuri kuliko nyingine, na kila ulikoenda kitufe cha "Tuzungumze kuhusu nyumba yako" kilikufuata kama muuza bima. Watu waliingia kwa wingi. Walitazama picha, wakabonyeza kitufe, wakakutana na fomu, wakakimbia. Fundi aliwaona kwenye kompyuta yake wakidondoka mmoja mmoja. Huyu aliishia kwenye "Unaishi na nani?" Yule alifika "Mama yako anaionaje nyumba yako?" akaona yasiwe mengi. Mmoja alivumilia mpaka swali la mwisho, akatoweka hapo, na fundi hakumlaumu.

Binti naye hakuwa msaada. Alipolalamikiwa kuhusu fomu alicheka tu, akasema hata yeye huhojiwa hivyo hivyo akitaka kutoka. Kisha akamuuliza fundi kama iko siku wataongea kitu kingine zaidi ya vitufe. Fundi akaahidi kwamba ipo. Halafu akamuuliza kama kitufe cha kijani kingependeza zaidi.

Mwezi ukaanza kuyoyoma, na sanduku la maulizo halikuwa na hata salamu. Fundi alijiona tayari akialikwa kwenye harusi ya mwenziwe, na pengine akiombwa atengeneze kadi.

Mchana mmoja alifunga mlango wa ofisi yake na kujiumbia mteja. Alimfanya mfanyabiashara mwenye nyumba mpya ya vyumba vingi, hana mke, ametulia, hana haraka. Jina alilipata kwenye bango la barabarani, anwani ya barua pepe akaifungua papo hapo kwenye simu yake. Majibu nayo alitaka kuyabuni, lakini maswali yale yalikuwa na namna ya kumbana mtu. Akaona bora ajibu ya moyoni, ayamalize.

Ungependa kumkuta nani mlangoni? Aliandika habari za mwanamke anayevua viatu kabla ya kusalimia, anayesoma huku akichezesha midomo, anayehitaji kiti karibu na dirisha kwa kuwa mwanga wa taa humuumiza macho. Aliandika kwamba nyumba yote ingeweza kubaki tupu, mradi kiti hicho kiwepo naye amekikalia. Fundi hakuwahi kumwambia binti mwenyewe lolote kati ya hayo. Kazi zilikuwa nyingi. Akabonyeza "Tuma".

Siku ya pili Mama Mapazia akamwita. Fundi alipiga pasi shati, akapiga pasi na suruali, akaingia akiwa na uso wa mtu asiyejua kitu.

Mama alimkalisha chini ya picha ya marehemu mumewe. Binti hakuonekana.

"Tovuti yako imeleta mtu," alisema. "Mmoja tu, lakini nimeyasoma majibu yake usiku kucha. Mwanangu, maneno yale si ya mtu anayetafuta mapazia."

Fundi akasema wateja wapo wa kila aina.

"Nilidhani ni wewe umejiandikia."

Alifungua mdomo kukiri, maana hakuona pa kukimbilia. Mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Usijitetee, najua nilikukosea. Nilimpa binti yangu ayasome, nikamuuliza kama ni yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema wewe humjui hivyo, hujawahi hata kumuuliza." Alikunja kitambaa alichokuwa nacho magotini, taratibu, pembe kwa pembe. "Kisha akayasoma tena, na safari hii hakucheka. Sasa yuko chumbani anamwandikia huyo bwana kwamba akija kuposa, hatamkatalia."

Mfukoni mwa fundi, simu ilitetemeka.