Mdomo wa Arobaini na Moja

Jiko la Tauhida liliruhusiwa kulisha midomo arobaini, basi. Ukizidi mmoja, linajizima lenyewe na mtaa mzima unalala njaa. Na alfajiri ile binti yake, Nuru, alijifungua. Kabla ya adhana ya adhuhuri ilimbidi Tauhida afute jina moja kati ya yale arobaini ya walaji yaliyoandikwa ukutani, na aliyefutwa hapokelewi na mgahawa mwingine wowote.

Habari zilishaenea. Wateja waliozoea kulalamikia chumvi, leo walisifia hata maji ya kunawa. Mmoja alimletea mtoto kanga mpya. Tauhida alipakua, upawa ukigonga sufuria. Amtoe nani, jamani?

Mzee Shomvi, aliyekula hapo miaka thelathini bila kunung'unika hata siku moja, akaisukuma sahani yake.

“Maharage gani haya, mwanangu?” akafoka, sauti ikafika hadi barabarani. “Hata mbwa hayali! Mimi hapa sirudi tena.”

Akachukua kofia yake, akatoka.

Tauhida akayaonja maharage. Yalikuwa matamu kama ya jana. Akaenda kuondoa sahani ya mzee, akaikuta imekombwa mpaka inang'aa.

Adhana ikaanza.