Flashi kwenye Sahani ya Vitumbua

Mnajifanya hamuoni. Kila siku mnapanga foleni kwenye kibanda cha kuchapa cha Mize, na kwenye cha Saumu, ng'ambo ya barabara, mnageuza shingo.

Kompyuta ya Saumu iligoma tangu asubuhi. Mfumo wa kuiendesha ulitaka ulipiwe upya kabla haujafungua hata barua moja, kana kwamba mashine aliinunua mtu mwingine. Ya Mize, kuukuu kuliko yake, ilichapa bila kutweta. Saumu aliitazama kama mke anavyoitazama kanga mpya ya mke mwenzake.

Mize akavuka barabara na sahani ya vitumbua. Pembeni ya sahani, ndani ya nailoni, aliweka flashi.

"Mfumo ninaotumia ndio huo, shoga. Wa bure. Chomeka, uuweke, uwashe upya."

"Umekuja kunisaidia au kunisimanga?"

"Nimekuletea tu."

"Na mimi nirudishe nini? Sahani ya watu hairudi tupu!"

"Flashi hairudi kwangu. Ukimaliza, mpe mwingine. Na mimi nilipewa hivyo hivyo."

Saumu alimchunguza usoni akitafuta hila, apate pa kumchukia. Hakuiona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mize alipoondoka, alivila vitumbua vyote kwa hasira. Flashi ikabaki peke yake kwenye sahani, mbele ya kioo cheusi cha kompyuta.

Wewe unayepita, leo usigeuze shingo. Ingia, keti, mwambie, "Weka, nitasubiri." Ingia sasa hivi, mkono wake umeshaifikia sahani.