Usiniangushe

"Soma tena swali," mwalimu alisema.

Sifuri alisoma. "Mzigo wa kilo sabini uko ndani ya kisima. Kamba ya kuuvutia inahimili nyutoni mia saba na sabini, ikizidi hapo inakatika. Tafuta mchapuko mkubwa kabisa, yaani ongezeko la kasi, ambao..."

"Ambao nini? Endelea."

"Ambao mzigo unaweza kuvutwa nao bila kamba kukatika."

"Haya, piga hesabu. Na usinibahatishie. Mimi leo nina baridi, kichwa hakifanyi kazi, kwa hiyo ukikosea hakuna wa kukusahihisha."

Jina la Sifuri alipewa na mwalimu huyuhuyu, siku aliporudisha mitihani ya kwanza ya fizikia, na darasa zima likalidaka. Msichana hakulalamika, maana alama zake zilikuwa hizohizo tangu siku hiyo. Mwalimu naye wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nafundisha mpaka sauti inanikauka, ninyi mnaniangusha tu." Maswali ya namna hii aliachiwa kinara wa darasa, ambaye huyamaliza kabla vumbi la chaki halijatua. Lakini leo kinara alikuwa ametumwa ofisini, na mpaka sasa hakuonekana.

Sifuri alipiga magoti, akaandika kwa chaki kwenye saruji. Nguvu, gawanya kwa masi, zile kilo sabini.

"Kumi na moja, mwalimu."

Nyuma yake mtu aliguna. Mwalimu hakufoka. Sauti yake, iliyozoea kutikisa madirisha, leo ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Sifuri kuliko makelele yote ya muhula mzima.

"Kumi na moja? Kuna kitu umesahau, mwanangu. Kila siku unasahau kilekile. Tafadhali, leo usiniangushe."

Tafadhali! Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Machozi yalimlenga, tarakimu zikaanza kucheza mbele ya macho. Amesahau nini? Alijichukia kwa kila kipindi alichosinzia, kwa kila zoezi alilonakili kwa jirani. Kamba inavuta juu. Na mzigo je, umekaa bure?

"Uzito!" alipayuka. "Mzigo wenyewe unavuta chini! Sabini mara kumi, mia saba. Mia saba na sabini, toa mia saba, inabaki sabini. Sabini kwa sabini..." Alihesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na haja. "Moja. Ni moja, mwalimu!"

"Moja," mwalimu alisema, akashusha pumzi ndefu. "Sahihi. Yaani polepole, bila pupa. Hongera, binti."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata. Wenzake wakaanza kuinuka, mmoja akampiga begani. Sifuri hakuinuka. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye ile sabini.

Wiki iliyopita mwalimu alileta mizani darasani, wakapima kila kitu: dawati, mfuko wa mchanga, hata mwalimu mwenyewe, aliyepanda na soksi tupu, shati likining'inia, huku darasa likivunjika mbavu.

"Ngojeni!" alipiga kelele. "Swali lina makosa!"

"Makosa gani tena? Nimelitunga mwenyewe, na muda unakwisha!"

"Hiyo sabini, mwalimu, siyo." Aliifuta kwa kiganja, akaandika sabini na nane, akazidisha kwa kumi. Mia saba na themanini. Kamba ingekatika kabla hata mzigo haujasogea.

Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa kisima.

"Kilo sabini ulipimwa ukiwa mkavu," alisema. "Vua koti na viatu kwanza, mwalimu, ndipo tukuvute."