Kosa la Mwisho la Mama Leida

Mama Leida aliinua mkono tena. Kaarel, afisa wa mji, akahisi hasira zinampanda.

"Mwanangu, kitufe hiki kimejificha mno. Arvo hawezi kukiona."

Arvo, Arvo! Kila kosa, mumewe ndiye shahidi. Mara herufi ndogo, mara rangi ya kijani Arvo haipendi. Wiki ya sita hii, pale maktaba ya mji wa Viljandi, wananchi walikuwa wakiujaribu ukurasa mpya wa serikali wa taarifa za kaya: kuzaliwa, kuoana, kuhama, kufariki. Kila mtu alikuja na jambo lake la kweli, na afisa hakuruhusiwa kuchungulia skrini ya mtu. Wenzake Mama Leida wote walikwisha kufika mwisho wakaenda zao. Alibaki yeye tu, na asipomaliza, ukurasa haufunguliwi kwa umma.

"Leo saa sita ndiyo mwisho," Kaarel alisema, akizunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga. "Tusipomaliza, wakubwa wa mji mkuu, Tallinn, wanautupa ukurasa huu. Watu wa huku watarudi kupanga foleni kwenye theluji. Haya, nimekikuza kitufe. Tazama."

"Kinaonekana," mama alikiri, kama mtu aliyeibiwa.

"Herufi?"

"Kubwa."

"Rangi?"

"Haina neno."

"Basi bonyeza, mama!"

Mama Leida alifungua mfuko wake, akatoa mikate miwili ya mdalasini. Mmoja akamsogezea Kaarel. Wa pili akaufunga tena kwenye karatasi. "Huu wa Arvo."

"Huyo Arvo wako si aje mwenyewe!" Kaarel alifoka. "Mnatuchezea shere!"

Mama akatazama dirishani. Kaarel akaona haya papo hapo. Makosa yote aliyowaonyesha mama huyu yalikuwa makosa kweli, na wasomi wa ofisini hawakuliona hata moja. Akakaa.

"Nisamehe, mama. Sema, limebaki lipi?"

"Moja tu. Hapa kuna 'Ndiyo', na kuna 'Hapana'. Niwekeeni na 'Bado'."

"Bado! Bado nini tena, jamani?"

Uvumilivu ulimwishia. Akasahau kanuni, akazunguka meza, akainama juu ya bega la mama.

Kitufe kilikuwa kikubwa, hata mlangoni kingeonekana. Juu yake paliandikwa: "Unathibitisha kwamba mumeo, Arvo Saarmets, amefariki?"